Safu Iliyofutwa

Akina mama wa Shamba la Haro walikubali kwa sababu ya Namalwa. Barua ya chuo kikuu yenye muhuri haikuwashawishi. Mwalimu mkuu aliisoma yote kwenye mkutano wa wazazi, na alipomaliza watu walikaa kimya kama walioletewa habari ya msiba. Kofia yenye nyaya, avikwe mtoto, isome ubongo wake? Mama mmoja aliuliza, ubongo ukishasomwa, mtoto anabaki na nini. Mwingine alisema kuna watu kama hao walipita mji wa Turbo, na mtoto waliyemvika kofia hakurefuka tena.

Ndipo Namalwa aliposimama. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alizaliwa palepale kwenye laini za wafanyakazi, nyumba ya tatu kutoka mferejini, na mama yake, Rasoa, bado alikuwa kibarua wa palizi katika shamba hilo la mahindi ya mbegu karibu na Moi's Bridge.

"Mama zangu, mnanijua," alisema. "Hiyo kofia mimi ndiye niliyeivaa wa kwanza. Si niko hapa? Mtu hatobolewi, hachomwi, haulizwi siri za nyumbani. Na ninawaahidi mambo mawili. Jina la mtoto halitatoka nje ya ofisi ya Daktari. Na kila mzazi ataitwa aambiwe habari ya mtoto wake, kabla ya mtu mwingine yeyote."

Betty, mama yake Ashley, alikuwa ameketi mstari wa mbele na jembe lake likiwa limelala miguuni. Yeye ndiye aliyejibu kwanza. "Kama ni Namalwa, wangu aandikwe."

Siku hiyo waliandikwa watoto sitini na wanne. Daktari Khisa, aliyekuwa ameketi mbele karibu na mwalimu mkuu, alimtazama Namalwa na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Khisa hakuwa mgeni pale. Alikuwa amefundisha katika shule hiyo ya watoto wa vibarua kabla hajarudi masomoni, akaenda ng'ambo, akarejea na kuwa mhadhiri wa saikolojia mjini Eldoret. Namalwa alipokuwa darasa la sita baba yake alifariki, na Rasoa alikuwa ameshamtafutia kazi ya nyumba mjini. Mwalimu Khisa alikuja kwao jioni, vidole vikiwa bado na chaki. Alikataa kiti.

"Mama Namalwa, huyu mtoto ana kichwa," alisema. "Ukimtoa shule sasa, ni kama kung'oa mahindi yakiwa yametoa mbelewele."

Rasoa hakuwa amesoma, lakini mahindi aliyajua. Namalwa akabaki shuleni. Tangu hapo, kila Khisa alipopita kwao alichinjiwa kuku, na Namalwa ndiye aliyemnawisha mikono. Kwa hiyo alipompigia simu miaka mingi baadaye, akasema anatafuta msaidizi wa utafiti, Namalwa hakuuliza ni utafiti gani. Alikuwa na diploma, na alikuwa akifanya kazi katika duka la fotokopi mjini Eldoret. Aliaga dukani siku hiyohiyo.

Kabla ya kazi kuanza, Khisa alimpima yeye ofisini kwake. Alimvika kofia, akampaka jeli baridi chini ya kila kifungo cha chuma, akamwambia atazame taa inayowaka na kuzima. Kisha alimdondoshea tone la ndimu ulimini, akampa pamba ya kufyonza mate, akaipima pamba ile kwenye mizani ndogo.

"Unaona," alimweleza huku akiandika, "akili si muujiza. Kwa mtu mwerevu, habari hupita haraka katika mishipa ya fahamu. Taa ikiwaka, ubongo wake umeshajibu kabla ya wa mwenzake. Na tabia pia iko humohumo. Mtu mkimya ubongo wake uko macho tayari, kitu kidogo kinamtosha, ndiyo maana anakimbia kelele. Hata ndimu inamtoa mate mengi zaidi. Yule mchangamfu ubongo wake umesinzia, ndiyo maana anatafuta watu na vishindo vya kuuamsha. Hivyo ndivyo wasemavyo baadhi ya wataalamu. Mimi nataka kulithibitisha hilo hapa kwetu."

Namalwa alipenda maneno yale. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa ananyamaza sana, na sasa kulikuwa na mtu wa kumwambia kwamba kimya chake kilikuwa na sababu, na sababu hiyo haikuwa kiburi.

Walifanya kazi miezi mitatu, Mei hadi Julai. Chumba kilikuwa stoo ya shule, umeme ulitoka kwenye jenereta iliyofungwa nje ya dirisha. Namalwa aliwapa watoto makaratasi ya mafumbo ya picha wayatatue, akawafumua wasichana nywele, akawavika kofia, na baada ya kipimo akawaosha jeli kwa maji ya moto aliyochemsha mwenyewe, maana hakutaka mama yeyote alalamike kwamba mtoto wake amerudi na kichwa cha gundi. Watoto walimzoea. Walipigania ndimu.

Lakini Mei na Juni ni miezi ya palizi, na ghala za vibarua huwa tupu hadi mavuno. Namalwa alijua bila kuambiwa ni mtoto gani ameamka kwenda shambani na mama yake kabla ya kuja shuleni. Alikuwa na madaftari yake ya mazoezi, na kando ya majina aliandika alichokiona. *Hakunywa chai. Amepalilia tangu alfajiri. Jenereta ilizima mara mbili katikati. Alilala kofia ikiwa kichwani.* Jioni alihamisha yote kwenye kompyuta, katika safu ya mwisho iliyoitwa Maelezo.

Ashley wa Betty, mwenye miaka kumi na miwili, alikuja Jumanne moja akiwa na macho mekundu. Alikuwa wa kwanza darasani mwake katika hesabu, mtoto aliyezoea kumaliza mafumbo ya picha kabla maelekezo hayajaisha. Siku hiyo aliyashika makaratasi kana kwamba ni mazito. Namalwa alimgusa shingoni, akaandika: *Ana homa kali, anatetemeka. Arudiwe.* Akampeleka zahanati mwenyewe, na kipimo kikaonyesha malaria.

Khisa alipokuja na gari lake Ijumaa, Namalwa alimwonyesha.

"Vizuri sana," alisema Khisa. "Andika kila kitu. Mtafiti mzuri ni macho."

"Na Ashley tutamrudia lini?"

"Mashine inarudi chuoni wiki ijayo. Usijali. Tutamtoa kwenye hesabu."

Namalwa alimkumbusha tena mwezi Agosti, na Khisa akajibu vilevile.

Mwaka ulipoisha, Khisa alimweka Namalwa katika ofisi yake Eldoret, awe akimpangia makaratasi. Namalwa alikodi chumba mtaa wa Langas. Kila alipouliza lini wazazi wa Haro wataitwa kuambiwa habari za watoto wao, Daktari alisema bado anachambua.

Jumamosi moja ya Februari, Betty alikuja hadi Langas. Hakuwa amewahi kufika. Namalwa alifurahi, akamvutia kiti, akatia maji ya chai jikoni. Betty hakuketi.

"Zima hilo jiko," alisema. "Sikuja kunywa chai." Akafungua pindo la leso, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya kitanda. "Nisomee hii. Nimesomewa na mwalimu, lakini nataka kusomewa na wewe."

Ilikuwa nakala ya orodha. Majina sitini na manne, katika makundi matatu: ya kijani, ya manjano, ya nyekundu. Jina la Ashley lilikuwa la tatu kati ya nyekundu. Mbele yake paliandikwa: *Kasi ya mishipa ya fahamu: chini. Tabia: mkimya, hajitumi. Pendekezo: kazi za mikono.*

"Imebandikwa ofisi ya walimu tangu shule zifunguliwe," alisema Betty. "Watoto wamepangwa upya. Wa kijani ndio wanabaki masomo ya ziada ya hesabu na sayansi. Wa nyekundu, saa hiyo, wanapelekwa kumwagilia sukuma wiki za shule. Na ile nafasi ya kampuni ya shamba kusomesha watoto sekondari ya juu, mwalimu amesema ni ya kijani peke yao."

"Mama Ashley, hii haikutoka kwetu," alisema Namalwa. "Daktari hawezi. Mtu ameiba, au mwalimu mkuu amejiandikia."

"Nani mwingine alikuwa na hiyo kofia?"

"Hawezi, Mama. Mimi namjua."

Betty alimtazama kwa muda. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimwogofya Namalwa zaidi. "Ashley amefunga vitabu vyake kwa kamba," alisema. "Ameviweka juu ya gunia la mahindi. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, 'Mama, usisumbuke. Mashine imeniona ndani.'"

Akaikunja karatasi yake, akairudisha kwenye leso, akaenda.

Jumapili Namalwa hakwenda kanisani. Jumatatu alifungua ofisi kabla ya saa mbili, Khisa akiwa darasani, akawasha kompyuta. Nywila aliijua, kwa kuwa ni yeye aliyeingiza kila tarakimu. Alikuwa akitafuta ushahidi kwamba Daktari hana hatia.

Faili la mwisho lilikuwa na safu zote: umri, mafumbo ya picha, kasi ya ubongo kuijibu taa, uzito wa mate. Hapo liliishia. Safu ya Maelezo haikuwepo. Alilivuta kulia, kushoto, akafikiri imefichwa. Haikuwa imefichwa. Mstari wa Ashley ulikuwemo, ukiwa na alama za mtoto mwenye malaria, umehesabiwa pamoja na wengine.

Katika folda ileile palikuwa na barua mbili kwa uongozi wa shamba. Ya Novemba ilisema: *Kama tulivyokubaliana, nimeambatisha majina kwa makundi.* Ya pili ndiyo iliyokuwa makubaliano yenyewe, na Namalwa aliisoma tarehe yake mara tatu. Ilikuwa ya Aprili, wiki mbili kabla ya mkutano wa wazazi. Siku aliposimama mbele ya mama zake na kuahidi, majina yalikuwa yameshaahidiwa mahali pengine.

Chini kabisa aliona faili lenye jina lake.

Ni kile kipimo cha ofisini, cha siku ya kwanza. *Akili: juu ya wastani. Tabia: mkimya, mwenye kutii. Hupenda kuwaridhisha wakubwa. Haulizi maswali. Ana mizizi katika jamii lengwa. Anafaa sana kwa kazi ya kushawishi wazazi.*

Namalwa alivuta mkoba wake karibu. Alikumbuka alivyokaa kwenye kiti kile na ndimu ulimini, akifurahi kwamba hatimaye ameeleweka. Alikuwa ameeleweka kweli. Alichapisha karatasi zote, akazitia katika mkoba wake, akakaa kumngoja.

Khisa aliingia saa nne kasoro, mafaili kwapani. "Mwanangu! Leo umeniwahi."

"Mwalimu," alisema Namalwa. Kwa miaka mingi hakuwa amemwita hivyo. "Safu ya Maelezo iko wapi?"

"Safu gani?"

"Nilipoandika nani hakula na nani ana homa."

Khisa aliweka mafaili mezani, akayapanga kingo zake zilingane. "Ile niliitoa. Ilikuwa kelele."

"Kelele?"

"Ndivyo tunavyokiita kitu kinachofunika sauti unayoitafuta. Mimi natafuta kasi ya mishipa ya fahamu. Ukiniwekea hapo njaa, homa, jenereta, usingizi, nadharia yote inapotea. Inabaki habari ya umaskini, na habari ya umaskini kila mtu ameshaisoma. Hakuna jarida litakaloichapisha."

"Ashley ulisema utamtoa."

"Ningewatoa wote uliowaandikia maelezo ningebaki na watoto kumi na wanane. Watoto kumi na wanane si utafiti, Namalwa."

"Kwa hiyo uliyasoma. Uliyasoma yote, ndiyo maana unajua ni kumi na wanane."

Khisa aligeukia dirisha. Nje wanafunzi walipita wakicheka.

"Na majina?" aliuliza Namalwa.

"Kampuni ndiyo iliyotupa chumba na ruhusa. Walitaka kujua wamsomeshe nani, na hilo si jambo baya. Nafasi ni chache. Si afadhali zitolewe kwa kipimo kuliko kwa kujuana?"

"Niliwaahidi mama zangu kwamba hayatatoka. Ulikuwa umekaa mbele. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Na ulikuwa umeshatia sahihi."

"Kama ningesimama mimi, wangekubali?" alisema Khisa, na sauti yake ilikuwa ya upole, ileile ya kufafanulia darasa. "Wewe ndiye waliyekuamini. Kazi isingefanyika. Siku moja utaelewa kwamba sayansi haina udugu."

Namalwa aliinuka kitini. Kisha akauliza, "Ulipokuja kwetu na chaki mikononi, ukamwambia mama nina kichwa, ulikuwa umenivika kofia gani?"

"Wewe ulikuwa tofauti na wengine."

"Sikuwa tofauti. Nilikuwa nimekunywa uji. Enzi zako shule ilikuwa na uji saa nne, wewe mwenyewe ulikuwa ukitupanga foleni. Sasa hakuna. Hilo nalo nililiandika, ukurasa wa kwanza."

Khisa alivua miwani akaifuta. Alipoongea tena upole ulikuwa umepungua. "Ukitoka na maneno haya, kumbuka fomu za idhini. Sitini na nne. Sahihi ya shahidi katika kila moja ni yako. Wataniuliza mimi, lakini na wewe watakuuliza."

"Waniulize," alisema Namalwa, akachukua mkoba wake akatoka.

Alikwenda Haro siku ya pili. Alimweleza mama yake kwanza, wakiwa wawili, Rasoa akichambua maharagwe kwenye ungo. Rasoa hakuinua macho hadi mwisho.

"Yule mtu alikula kwangu," alisema. Akaendelea kuchambua, lakini mikono yake ilikuwa ikitupa maharagwe mazima pamoja na mawe. "Na wewe? Hukuona hata kidogo?"

"Sikuona, Mama."

"Au hukutaka kuona."

Namalwa alianza kuokota maharagwe mazima yaliyotupwa.

Jioni, vibarua walipokuwa wakirudisha majembe kwenye banda, alisimama mbele yao. Aliwaambia yote, hata lile faili lake mwenyewe, na alipofika kwenye maneno *kushawishi wazazi* mama mmoja alicheka kwa uchungu akasema, "Basi hapo kipimo hakikukosea." Mwingine alimwambia amewauza kama kuku, miguu ikiwa imefungwa. Namalwa hakujitetea. Aliwaambia ana madaftari manne, na kwamba anayapeleka kwenye kamati ya maadili ya chuo, na kwamba anaomba wazazi watakaokubali waandike majina yao chini ya barua.

Betty alikuja mbele, akachukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole. "Nafanya hivi kwa ajili ya Ashley," alisema bila kumtazama Namalwa. Waliofuata walikuwa kumi na mmoja. Wengine waliondoka na majembe yao.

Kamati ilikaa mwezi wa Aprili, katika chumba chenye viti vya ngozi na chupa za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Khisa alieleza vizuri kama kawaida yake. Alisema msaidizi wake hana mafunzo ya udaktari, na kwamba maelezo yale yalikuwa hisia tu, za mtu anayewaonea huruma watu wa kwao. Kati ya wanakamati alikuwemo daktari wa watoto, mama wa makamo aliyeitwa Chepngetich. Aliomba madaftari. Aliyapekua muda mrefu huku wenzake wakitazama saa, kisha akasoma ukurasa mmoja kwa sauti, jina baada ya jina, chai baada ya chai.

"Daktari Khisa," aliuliza, "huyu wa malaria. Cheti cha zahanati kimebanwa hapa. Ulitarajia ubongo wake uikimbilie taa kwa kasi gani siku hiyo?"

Khisa alisema katika takwimu mtoto mmoja habadilishi wastani.

"Sikuulizi wastani. Nakuuliza huyu."

Namalwa alidhani angefurahi kumwona Khisa akikosa neno. Hakufurahi. Alimwona mzee akiinamisha kichwa, na akamkumbuka mwalimu aliyekataa kiti, na moyo ukamuuma kwa wote wawili, yule na huyu. Kisha wakamgeukia yeye wakamuuliza kuhusu sahihi sitini na nne. Alijibu kwamba ni zake.

Uamuzi ulikuja kwa barua baada ya wiki saba. Ripoti iondolewe. Orodha ibanduliwe na nakala zake ziharibiwe. Khisa asifanye utafiti wowote juu ya watu kwa miaka miwili, ila aendelee kufundisha. Namalwa alipewa onyo la maandishi. Hakurudi ofisini. Alirudi katika duka la fotokopi, na mwenye duka hakumuuliza kitu.

Kule Haro orodha ilibanduliwa kweli, na watoto wakarudi kwenye viti vyao vya zamani. Lakini uongozi wa shamba, baada ya kusoma barua ya chuo, ulitangaza kwamba ufadhili wa sekondari ya juu umesimamishwa kwa wote mpaka utata uishe. Utata haukuisha. Wazazi wa watoto wa kijani, waliokuwa wameshaanza kupanga safari, walisema hawakumtuma Namalwa awatetee. Rasoa alikuwa akipalilia mstari mmoja na wanawake hao. Siku nyingi alirudi nyumbani bila kusemezwa na mtu.

Chuo kilijitolea kuwapima watoto upya, safari hii kwa haki, wakiwa wameshiba. Wazazi wakakataa, wote, wa kijani, wa manjano na wa nyekundu. Rasoa pia alisema amekataa, ingawa hakuwa na mtoto wa kupimwa.

Namalwa alikwenda kwa Betty likizo ya Agosti. Alimkuta Ashley nyuma ya nyumba akianika nguo. Alikuwa amerefuka. Betty alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba amerudi darasani, lakini mwalimu wa hesabu akimwinua hujibu, "Muulize mwingine," na hukaa.

"Ashley," alisema Namalwa, "nataka ujue jambo. Siku ile ulikuwa mgonjwa. Mimi mwenyewe niliandika urudiwe. Ile alama haikuwa yako."

Ashley alibana nguo kwenye kamba kabla ya kujibu. "Kwa hivyo kama singekuwa na homa, ningekuwa kijani?"

Namalwa alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa jema, na mtoto alikuwa akilingoja. Lakini alikuwa ameshawahi kusema maneno mema mahali hapa.

"Sijui," alisema. "Sidhani kuna mtu anajua. Hata ile mashine haijui."

"Lakini iliniangalia ndani."

"Iliangalia homa."

Ashley aliinama, akachukua shati jingine kwenye beseni, akalikung'uta maji. "Kama hamjui," alisema, "mlikuwa mnatupima nini?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtoto anayetaka kuelewa swali, na kwa jinsi alivyokunja paji la uso Namalwa alimwona yule wa zamani, wa mafumbo ya picha. Kisha hilo likapita, na Ashley akaendelea na nguo zake.

Betty alimsindikiza Namalwa hadi mferejini. Walitembea bila kuongea, mahindi pande zote mbili yakiwa yamewapita vichwa.

"Naweza kuja siku nyingine?" Namalwa aliuliza. "Nimsaidie hesabu. Jumamosi dukani tunafunga saa saba."

Betty aliwaza. "Hesabu, hapana," alisema. "Bado." Alisimama, akang'oa gugu moja lililokuwa kando ya njia, akalitupa. "Lakini kwangu ni kwenu. Njoo ukitaka. Ukija, usije na karatasi."

Namalwa akasema ameelewa, akavuka mfereji kwenda kwa mama yake.